Mwongozo kamili wa kwenda Ise Jingu, Japani: anza la nje ndo uende la ndani

Watu wetu wengi wakifika Japani wanakimbilia Kyoto, wanapiga picha kwenye yale mageti mekundu, basi wanarudi. Sio vibaya, kule ni kuzuri. Ila kama unataka kuuelewa Ushinto, dini ya asili ya Wajapani, kwa miguu na mikono yako mwenyewe, nenda Ise, mkoa wa Mie, upande wa kusini wa Nagoya. Wajapani wenyewe wanapaita Jingu tu, yaani Hekalu, bila kutaja la wapi, maana kwao hilo likitajwa hakuna mtu atauliza lipi.

Mimi mara ya kwanza nilienda kichwa kichwa. Ilikuwa wiki ya mwaka mpya, saa sita mchana, nikaenda moja kwa moja kwenye hekalu la ndani kwa sababu ndo nilikuwa nalisikia, nikapanga foleni ndefu kwenye baridi nikafika mbele nikapiga makofi nikarudi Nagoya. Kesho yake kazini mama mmoja mtu mzima akaniuliza, na Geku, la nje, je? Nikamwambia sikwenda. Akanyamaza kidogo alafu akanieleza taratibu kwamba kwenda hekalu moja ukaacha lingine wanaita kata-mairi, ziara ya upande mmoja, na watu wa zamani hawaipendi. Ni kama umeingia nyumba ya watu ukamsalimia mwenye nyumba sebuleni, na mama anayepika jikoni ukampita kama hujamwona. Nimesharudi mara tatu tangu siku hiyo, kwa utaratibu, na huo utaratibu ndo nakupa hapa.

Kwanza ujue unaenda wapi

Ise Jingu sio jengo moja. Ni mahekalu 125 yaliyosambaa mji wa Ise na miji ya jirani, lakini makubwa ni mawili. Naiku, la ndani, ni la Amaterasu Omikami, mungu wa kike wa jua, ambaye kwenye masimulizi ya Wajapani ndo bibi wa ukoo wa wafalme wao. Kinachowekwa humo ndani ni kioo kitakatifu, Yata no Kagami, na hakuna mgeni anayekiona, hilo usilitegemee kabisa. Geku, la nje, ni la Toyouke Omikami, mungu wa chakula na mavazi na kazi za mikono, aliyeletwa Ise kama miaka 1,500 iliyopita ili amwandalie Amaterasu chakula. Na chakula kinaandaliwa kweli: kila siku asubuhi na jioni makuhani wa Geku wanapeleka wali, samaki, mboga, matunda, chumvi, maji na sake, ile pombe ya mchele, na moto wa kupikia wanauwasha kwa kupekecha mti kwa mti kama zamani. Mpunga unatoka shamba la hekalu, chumvi wanaichemsha wenyewe kule Futami.

Kingine cha kujua kabla hujafika, ili usije ukashangaa. Majengo utakayoyaona ni mapya. Kila miaka 20 mahekalu yote mawili yanajengwa upya kabisa kwenye kiwanja cha pembeni, kipimo kile kile, alafu mungu anahamishwa usiku na la zamani linabomolewa. Wanaita Shikinen Sengu. Ilianza mwaka 690 wakati wa Malkia Jito, iliwahi kusimama zaidi ya miaka 120 kwa sababu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na ile ya 1949 ikasogezwa mpaka 1953 sababu nchi ilikuwa ndo imetoka vitani. Ya 2013 ilikuwa ya 62, inayofuata ni 2033, na sherehe za kuomba ruhusa mlimani ya kukata miti zimeshafanyika 2025. Inatumika miti kama 10,000 ya hinoki, ni mti wa jamii ya msaipresi. Na sio nyumba tu, hata vitu vya mungu vinatengenezwa upya, nguo, panga, vitambaa, aina 714, jumla vipande 1,576. Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona hili hekalu la kale mbao zake bado zinang'aa", mwambie kilichotunzwa pale ni mikono. Fundi wa ujenzi huu anamfundisha fundi wa ujenzi ujao, miaka 20 mbele, na kazi haijapotea kwa miaka 1,300.

Kufika

Ukitoka Nagoya panda treni ya Kintetsu, ile ya haraka ni kama saa moja na nusu kasoro. Osaka Namba ni saa moja na dakika arobaini na kitu, Kyoto kama saa mbili. Wenye ile pasi ya watalii ya treni za JR wanaweza kupanda treni inaitwa Mie kutoka Nagoya ila kuna kipande cha reli ya kampuni nyingine katikati, pale utadaiwa nauli ya juu kidogo, lipa tu usibishane na kondakta. Shuka stesheni ya Iseshi. Usipitilize mpaka Ujiyamada wala Isuzugawa, maana Iseshi ukitoka tu mlango wa kusini unaona torii, lile geti la hekalu, mbele yako na barabara ya maduka, dakika tano kwa miguu uko Geku.

Saa ya kwenda ndo jambo kubwa kuliko yote. Milango inafunguliwa saa kumi na moja alfajiri mwaka mzima, kufunga kunabadilika kwa msimu, kati ya saa kumi na moja jioni na saa moja usiku. Kuingia ni bure. Ukiweza lala Ise usiku mmoja uingie alfajiri, kokoto zinalia chini ya miguu yako tu na ukungu uko kwenye miti, kwa kweli hakuna picha inayoweza kukupa hiyo hali. Siku ya kwanza ya mwezi wenyeji wana desturi ya kwenda alfajiri kushukuru mwezi uliopita, inaitwa tsuitachi-mairi, inapendeza ila watu ni wengi. Mwaka mpya usiende kama huna uvumilivu wa foleni.

Vaa nadhifu. Hakuna sheria ya suti ila kaptula fupi na ndala utajisikia vibaya mwenyewe. Viatu viwe vya kutembea sababu njia zote ni kokoto. Na kama umefiwa na mtu wa karibu, desturi yao ni kusubiri, wengi wanahesabu siku 50, kwani kifo kwao kina mwiko na hekalu linatakiwa lifikwe kwa usafi.

Swali ninaloulizwa sana: mimi Mwislamu, au Mkristo, naruhusiwa? Unaruhusiwa. Hakuna atakayekuuliza dini wala kukulazimisha kuinama. Ukiona kuinama mbele ya mungu mwingine kunagusa imani yako, simama pembeni kwa adabu, vua kofia, angalia, nyamaza. Hiyo inatosha na wanaiheshimu. Kitu wasichokipenda ni mtu kuigiza ibada kwa ajili ya video.

Geku, hatua kwa hatua

Unavuka daraja dogo linaitwa Hiyokebashi. Hapa tembea upande wa kushoto. Kule Naiku utatembea kulia, na sababu ni nyepesi, pa kunawa pako upande huo. Kwenye kila torii simama kidogo, inama, ndo upite, na usipite katikatikati ya njia, katikati wanamwachia mungu. Ukitoka geuka uinamie tena.

Kunawa. Sisi tuliozoea kutawadha tunadhani tunajua, kumbe mpangilio wao uko tofauti, wanaanza kushoto. Unashika upawa kwa mkono wa kulia, unachota maji mara moja tu, na hayo hayo yakutoshe mpaka mwisho. Mwagia mkono wa kushoto. Hamisha upawa, mwagia wa kulia. Rudisha upawa mkono wa kulia, jimiminie maji kidogo kwenye kiganja cha kushoto, sukutua mdomo kwa kiganja hicho, uteme chini pembeni kimya kimya. Usiweke mdomo kwenye upawa, hilo ndo kosa linalowaumiza sana wakiliona. Alafu osha tena kushoto, mwisho simamisha upawa wima maji yaliyobaki yatiririke kwenye mpini yauoshe kwa ajili ya anayefuata. Urudishe ulivyoukuta, kinywa cha upawa kikitazama chini. Beba leso yako, kitambaa cha kujifutia hakuna.

Unapita torii mbili, unaliacha jengo la kagura, ngoma za ibada, kulia, unafika hekalu kuu. Usitegemee kuona kitu kikubwa. Utaona uzio wa mbao, geti, na pazia jeupe. Ndani ya uzio kuna nyuzio nyingine. Unaona paa la nyasi kwa mbali tu na zile mbao zilizopishana angani. Angalia ncha zake, hapa Geku zimekatwa wima, Naiku zimekatwa kwa mlalo, na magogo ya juu ya paa hapa ni 9 na kule ni 10. Hiyo ndo namna ya kuyatofautisha.

Sadaka: hakuna sanduku kama mahekalu mengine, kuna kitambaa cheupe kimetandikwa. Zamani hapa mtu binafsi hakuruhusiwa kutoa sadaka, ilikuwa ya mfalme peke yake. Weka sarafu taratibu usiirushe kama unacheza bao. Wengi wanapenda ya yen 5 kwa sababu kwa Kijapani inasikika kama neno go-en, yaani uhusiano unaounganisha watu. Kengele pia hamna, usiitafute.

Kusalimu: inama mara mbili, kwa kina, mgongo unalala kabisa. Kutanisha viganja kifuani, shusha wa kulia kidogo, piga makofi mara mbili. Linganisha viganja, nyamaza, sema yako moyoni. Inama mara moja. Mimi huwa nayachukulia yale makofi kama hodi, umeshafika mlangoni, unabisha, unasikilizwa.

Sasa nini cha kusema moyoni. Hapa ndo watu wanakosea na ndo sababu hasa ya mimi kuandika yote haya. Mbele ya hekalu kuu, la Geku na la Naiku, mila ni kushukuru. Sio kuomba kazi, sio kuomba visa, sio kuomba mchumba. Unashukuru umefika, umekula, umeamka. Maombi yako binafsi yanapelekwa kwenye hekalu dogo linalofuata, ambalo linashika upande mkali wa mungu yule yule, upande wa vitendo. Kwa Geku ni Taka no Miya, juu ya kilima, ngazi 98 za mawe. Mara ya pili nilipoenda nilikuwa na shida kubwa ya nyumbani, nilisimama hekalu kuu nikajilazimisha kutafuta cha kushukuru kwanza, ikanichukua muda, na nilivyopanda zile ngazi 98 ile shida ilikuwa imeshapata umbo ninaloweza kulitaja kwa maneno machache.

Kabla ya kupanda utavuka jiwe kubwa lililolazwa kama daraja, linaitwa Kameishi, jiwe la kobe, na ukiliangalia kwa pembeni ni kobe kweli. Chini ya kilima kuna Tsuchi no Miya, la ardhi, na Kaze no Miya, la upepo. La upepo lilipandishwa daraja mwaka 1293 kwa sababu Wajapani waliamini upepo ndo uliozamisha meli za Wamongolia mwaka 1281. Karibu na hekalu kuu kuna mawe matatu yamezungushiwa kamba, utakuta watu wamenyoosha mikono juu yake eti yanatoa joto. Pale ni sehemu ya kusafishia wakati wa Sengu, waache tu, we pita.

Kwa Geku jipe saa moja. Tarehe 1, 11 na 21 za mwezi asubuhi kwenye saa mbili farasi mtakatifu analetwa kusalimu hekalu, amevikwa kitambaa chenye nembo ya kifalme, ukiwahi utamwona. Na kule Naiku ukikuta majogoo yanatembea tembea, yale ni ya hekaluni, usiyafukuze.

Kwenda Naiku

Nje ya Geku kuna kituo cha basi, ni kama dakika 15 mpaka 20 hivi. Zaidi ya kilomita 4, wengine wanatembea, mimi sishauri kiangazi, jua la Agosti Japani sio mchezo.

Unashukia karibu na daraja la Uji. Usilivuke haraka. Lina urefu wa kama mita 100, la hinoki, na lenyewe linajengwa upya kila miaka 20, mara ya mwisho 2009. Torii mbili za mwanzo na mwisho wa daraja zimetengenezwa kwa nguzo za mahekalu yaliyobomolewa: moja ya Geku na moja ya Naiku. Zikishakaa hapo miaka 20 zinapelekwa tena kuwa torii kwenye miji ya Kuwana na Seki, kwenye barabara ya zamani ya Tokaido, wakae nazo huko. Yaani nguzo moja inafanya kazi miaka 60 na haijatupwa. Upande wa juu wa mto kuna nguzo zimesimama peke yake majini, hizo zinazuia magogo ya mafuriko yasigonge daraja. Na ukienda kipindi cha mwezi wa 12, siku ya mchana mfupi kuliko yote, jua linachomoza katikati ya torii ya daraja. Watu wanasubiri kwenye giza, linatokea mida ya saa moja na nusu.

Baada ya daraja shika kulia. Pa kunawa pa upawa papo, ila mimi nakuambia usiishie hapo, shuka mtoni. Mto Isuzu una ngazi pana za mawe, alizitoa mama yake Tsunayoshi, shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani, mwaka 1692, na watu wamenawa hapo kizazi kwa kizazi. Chuchumaa, nawa, angalia maji, samaki unawaona. Usitupe sarafu mtoni.

Hapo hapo pembeni, wengi wanapita bila kujua, kuna kiuzio kidogo hakina nyumba ndani, jiwe tu. Ni Takimatsuri no Kami, mlinzi wa mto. Wenyeji wanamwita Otoritsugi-san, mpokea wageni. Wanaanza kwake, wanamtajia jina na wanakotoka, ili atangulie kupeleka habari kwa Amaterasu. Mimi huwa nasimama, nasema jina langu na la ukoo wangu.

Ukiendelea unapita torii ya pili, miti minene ya sugi, ile seda ya Kijapani, alafu ngazi za mawe. Chini ya ngazi ndo mwisho wa kupiga picha. Mwisho kabisa. Weka simu mfukoni kabla hujapanda, usisubiri mlinzi akuambie. Juu ni kama Geku: kuinama mbili, makofi mawili, kuinama moja, shukrani. Pazia jeupe wakati mwingine upepo unalipandisha ghafla, Wajapani wanasema umekaribishwa.

Ukishuka, kuna ghala la mpunga, Mishine no Mikura, hilo unalisogelea kabisa na ndo nafasi yako ya kuona ule ujenzi kwa karibu, nguzo zimechimbiwa ardhini moja kwa moja bila msingi wa jiwe, mbao hazina rangi, paa la nyasi nene. Alafu Aramatsuri no Miya, hapa ndo pa maombi yako. Kwenye ngazi za kuelekea huko kuna jiwe moja limepasuka kama herufi ya Kijapani ya mbingu, halikanyagwi, kwa hiyo angalia unapoweka mguu.

Kwenye jengo la kagura unaweza kupata omamori, hirizi za kitambaa. Kwa adabu yao hawasemi kununua, wanasema kupokea. Na kama una daftari la mihuri, goshuin, ya Ise ni muhuri na tarehe basi, haina maandishi ya mbwembwe, na ndo uzuri wake. Ila vile vikaratasi vya kutabiri bahati, omikuji, hutavipata. Wanaeleza kwamba zamani kufika Ise mara moja maishani ilikuwa tayari bahati kubwa kuliko zote, sasa utabiriwe nini tena. Na kweli, enzi za Edo, karne ya 17 mpaka ya 19, watu walitembea wiki kadhaa, mwaka 1830 pekee walikuja mamilioni, na wasioweza kusafiri kwa ugonjwa au uzee walimtuma mbwa wao, wamemfunga hela na barua shingoni, na wasafiri njiani wanamlisha na kumsindikiza mpaka Ise na kumrudisha. Hiyo habari huwa inanigusa sana.

Kula

Ukivuka daraja kurudi kuna mtaa wa Oharaimachi na ndani yake Okage Yokocho, nyumba za mtindo wa zamani. Akafuku wapo tangu 1707, ni mochi, andazi la mchele uliotwangwa, laini, imefunikwa maharage mekundu matamu, wamepanga mikunjo yake ifanane na maji ya mto Isuzu. Kula pale pale kwa chai. Ise udon ni tambi nene laini sana, mchuzi mweusi kidogo tu chini, waliitengenezea watu waliochoka safari. Waislamu waulize kuhusu mirin, pombe tamu ya kupikia, na sake kwenye mchuzi, mara nyingi vipo. Tekonezushi ni wali na samaki wa jamii ya jodari aliyelowekwa kwenye soya, na hapo pia uliza. Ukipita milangoni kwa watu utaona kamba za majani ya mpunga zimening'inia hata mwezi wa saba. Sehemu nyingine Japani ni pambo la mwaka mpya tu, Ise wanaziacha mwaka mzima.

Muda ukiwepo, asubuhi kabla ya Geku nenda Futami kwenye yale majabali mawili baharini, Meoto Iwa, mume na mke, yamefungwa kamba. Zamani mahujaji walioga bahari hiyo kwanza ndo waingie Ise, kwa hiyo mpangilio kamili ni Futami, Geku, Naiku.

Na mwisho hili liweke kwenye kalenda. Kabla ya Sengu ya 2013, kiangazi chake, watu wa kawaida waliruhusiwa kubeba jiwe jeupe kila mtu na kuliweka kwa mkono kwenye uwanja wa hekalu jipya, ndani ya nyuzio, mahali ambapo hekalu likishakaliwa hakuna mgeni anapakanyaga tena kwa miaka 20. Wageni kutoka nje ya Ise nao walijiandikisha. Inaitwa Oshiraishimochi. Ya 2033 itakuja, na mimi hela ya nauli nimeshaanza kuweka.